Umepata Jiwe Laini Shambani? Mwongozo wa Kulipima Kabla ya Kulitafutia Mnunuzi

Swali hili huletwa kwangu kila mara kwa sura mbalimbali: mtu amechimba msingi wa nyumba au amelima kando ya kilima, akakuta jiwe jeupe, la kijivu au la kijani iliyofifia, ambalo linakwaruzika kwa ukucha na kuteleza mkononi kama kipande cha sabuni. Anataka kujua kama ni talki, kama kiwanda kitalinunua, na kwa bei gani. Bei ndiyo huulizwa kwanza, ilhali ndiyo hujibika mwisho, kwa sababu hakuna bei moja ya talki. Kuna talki ya poda ya mwilini, talki ya rangi za nyumba, talki ya vigae, na kuna jiwe la sabuni la kuchonga au la kujengea majiko, na kila moja hudai sifa zake. Ulaini peke yake hauuziki.

Mwongozo huu utakusaidia kulitambua jiwe lako kwa vifaa vya kawaida, kukisia kazi inayolifaa, na kujua swali la kuipelekea maabara. Hautachukua nafasi ya maabara, lakini utakuepusha kulipia vipimo vya jiwe ambalo siki ya jikoni ingekwisha kulikataa.

Mambo mawili ya kujua kwanza

Talki ni madini ya magnesi, silika na maji, yaliyopangika kwa matabaka membamba mno ambayo hayakushikana kwa nguvu. Ukiyasugua, tabaka moja huteleza juu ya jingine, na huko ndiko utelezi unaouhisi unakotoka. Mjerumani Friedrich Mohs alipotunga kipimo chake cha ugumu wa madini mwaka 1812, aliiweka talki kwenye namba 1, chini kabisa, na almasi kwenye namba 10.

Jiwe la sabuni si madini bali ni mwamba. Ndani yake mna talki iliyochanganyika na madini mengine kama kloraiti, magnesaiti na dolomaiti, na uwiano wa mchanganyiko huo ndio unaoamua kama jiwe litafaa kusagwa, kuchongwa au kuwekwa motoni. Sokoni, hata hivyo, jina la jiwe la sabuni hutumika kwa mawe laini ya kila namna, na si yote yenye talki nyingi. Kwa hiyo jina ulilopewa na jirani au na dalali lichukue kama fununu tu.

Vitu vya kuandaa

- Nyundo, miwani ya kukinga macho, na lenzi ya kukuzia.
- Kipande kinene cha waya wa umeme wa shaba kilichomenywa, na msumari wa chuma. Usitumie sarafu, kwa kuwa sarafu nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.
- Vipande viwili vya kioo cha dirisha, kingo zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, bakuli la plastiki na uzi mwembamba.
- Siki nyeupe, mafuta kidogo ya kupikia, na glasi iliyosuuzwa vizuri isibaki hata chembe ya sabuni.
- Msumeno wa kukatia chuma, msasa wa maji wa viwango viwili au vitatu vya ukali, na beseni.
- Barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile inayobana usoni. Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi.
- Daftari, kalamu isiyofutika, na mifuko ya kitambaa ya kuhifadhia sampuli.

Hatua za kufuata

1. Tafuta nyuzi kabla ya kuvunja chochote. Lowesha jiwe, kisha lichunguze kwa lenzi, hasa kwenye nyufa na mishipa. Katika baadhi ya miamba talki huota pamoja na asbesto, yaani madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huleta saratani, kama vile krisotaili na tremolaiti yenye nyuzi. Ukiona nyuzi nyembamba zinazochambuka kama pamba au kama uzi wa katani, acha hapo hapo. Usivunje, usisage, usikate. Lifunge jiwe likiwa bichi ndani ya mfuko, uandike onyo juu yake, na uliache kwa wataalamu. Hatua hii naiweka ya kwanza kwa sababu wengi huianza kazi kwa nyundo na kwenda kunawa wakiwa tayari wamevuta vumbi. Kutoona nyuzi kwa macho hakuthibitishi kwamba hazimo, kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata fanya kazi kwa maji kila inapowezekana.

2. Pata uso mpya. Ganda la nje la jiwe lililokaa juani na mvuani miaka mingi hudanganya: jiwe gumu huwa na ganda laini, na jiwe jeupe huwa na ganda la kahawia. Vunja kipande chenye ukubwa wa ngumi ili uone moyo wake. Kisafishe kwa maji matupu na ukianike. Kosa la kawaida ni kukiosha kwa sabuni, kisha kushangilia utelezi ambao ni wa sabuni iliyobaki. Mikono yenye mafuta ya kujipaka nayo huleta udanganyifu huohuo.

3. Kwaruza kwa mpangilio. Anza na ukucha, kisha waya wa shaba, kisha msumari. Talki iliyo safi huacha mfereji na unga mweupe kwa ukucha bila kukaza mkono. Jiwe la sabuni lenye mchanganyiko hukubali ukucha kwa shida au katika baadhi ya sehemu tu, lakini waya wa shaba hulikwaruza. Likikataa shaba na kukubali msumari, huenda ni magnesaiti au sapentini, madini mengine ya magnesi ambayo mara nyingi huwa ya kijani. Na likiukataa msumari, hiyo si talki hata kama linateleza. Futa kila mstari kwa kidole kilicholowa kabla ya kuandika matokeo, kwa sababu mara nyingine chuma ndicho kinacholika na kuacha alama yake juu ya jiwe, na alama ya namna hiyo hufutika.

Kumbuka pia kwamba jasi hukwaruzika kwa ukucha vilevile. Jaribio hili hulikataa jiwe lisilo talki, lakini haliwezi kuthibitisha peke yake kwamba lililo mkononi mwako ni talki.

4. Pinda ganda jembamba. Ikiwa jiwe lako lina magamba yanayong'aa, chopoa moja kwa ncha ya kisu. Ganda la talki hupindika na kubaki limepinda. Ganda la ulanga hupindika na kurudi lilivyokuwa mara tu unapoliachia. Mng'ao wa magamba haya mawili hufanana sana, na watu wengi wamebeba magunia ya ulanga wakidhani wamepata talki, ilhali jaribio lenyewe halichukui hata dakika.

5. Dondoshea siki. Weka matone machache juu ya uso mpya, halafu weka mengine juu ya unga uliokwangua. Mawe ya chokaa na marumaru hutoa viputo vidogo, na kwenye unga utaviona upesi zaidi. Talki haifanyi lolote. Magnesaiti na dolomaiti nazo huweza kunyamaza mbele ya siki baridi, hivyo ukimya usiufanye kuwa uthibitisho. Usitumie maji ya betri kwa jaribio hili. Nimeona vijana wakiyatumia, nayo huunguza ngozi na macho wala hayakupi jibu bora kuliko siki.

6. Linganisha uzito wa jiwe na uzito wa maji. Jaribio hili hudharauliwa, nami naliamini kuliko mengi. Pima jiwe kavu na uandike gramu zake. Weka bakuli la maji juu ya mizani, bonyeza mizani isome sufuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa kando wala chini ya bakuli. Namba utakayoisoma ndiyo gramu za maji yenye ujazo sawa na jiwe lako. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Mfano: jiwe la gramu 412 likisomeka 149 ndani ya maji, jibu ni 2.77.

Talki huwa kati ya 2.7 na 2.8; jiwe la sabuni lenye magnesaiti nyingi hupanda kuelekea 3.0. Jasi huwa karibu na 2.3, kwa hiyo hapa ndipo inapotengana na talki. Diatomaiti, jiwe jeupe laini lile linalochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil nchini Kenya, ni nyepesi kiasi kwamba kipande chake kikavu huweza kuelea. Viputo vikiendelea kutoka kwenye jiwe baada ya kuzamishwa, ujue lina matundu na jibu lako litakosea. Lisubiri lishibe maji, kisha rudia, na uandike kwamba jiwe hilo hunywa maji, kwa sababu mnunuzi wa mawe ya ujenzi atakuuliza.

7. Tengeneza unga na uuchunguze. Vaa barakoa. Kwangua au saga kipande kidogo kikiwa kimelowa, uache uji wake ukauke kabisa, kisha uulegeze taratibu kwa mgongo wa kijiko. Utahitaji kijiko kimoja tu cha chai. Sasa fanya mambo matatu.

Kwanza tazama weupe wake juu ya karatasi nyeupe. Jiwe la kijani huweza kutoa unga mweupe, na jiwe linaloonekana jeupe huweza kutoa unga wa kijivu au wa manjano. Viwanda vingi hununua unga, hivyo rangi inayowahusu ni hii.

Pili, nyunyiza chembe kidogo juu ya maji tulivu katika glasi. Nyuso bapa za talki hazipendi maji, kwa hiyo unga mkavu ulio laini hubaki juu kama utando, huku kaolini (udongo mweupe wa kufinyangia) na unga wa chokaa vikilowa na kuanza kushuka kwa mawingu meupe. Dondosha tone la mafuta juu ya utando huo, nawe utaona unga ukikimbilia kwenye mafuta. Kitendo hicho kidogo ndicho kinachofanya talki iitwe katika viwanda vya karatasi, ambako hunasa utomvu wa miti unaonata kwenye mashine na kuacha madoa kwenye karatasi.

Tatu, weka unga kidogo kati ya vipande viwili vya kioo, uvisugue polepole, na utege sikio. Talki safi haina sauti. Kioo huteleza juu ya kioo kana kwamba kimepakwa grisi. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga chini ya kiatu, na ukakuta mistari kwenye kioo baada ya kukifuta, basi mna kwatzi au chembe nyingine ngumu. Chembe hizo hula mashine, na vumbi la kwatzi huharibu mapafu. Wapo wanaojaribu unga kwa kuusaga kati ya meno. Acha desturi hiyo.

8. Jaribu moto, kwa uangalifu. Chukua kipande kidogo kama punje ya karanga, ukikaushe siku mbili tatu juani, kisha ukiweke pembeni mwa jiko la mkaa na kukisogeza kwenye makaa hatua kwa hatua, ukiwa umevaa miwani na umesimama mbali. Nasisitiza kukausha kwa sababu nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilitupa kipande kibichi moja kwa moja kwenye makaa; kilipasuka kwa mshindo, na kaa likanirukia mkononi. Maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na hayana njia ya kutokea.

Jasi ikikaa nusu saa kwenye makaa hupoteza maji yake, huwa nyeupe isiyong'aa na husagika kwa vidole. Talki hustahimili, ikiwa ina chuma huenda ikageuka kahawia, basi. Ukipata nafasi kwenye tanuri la mfinyanzi linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, utaona jambo la kushangaza: kipande kilichokuwa kikikwaruzika kwa ukucha hutoka kigumu kiasi cha kuweza kukwaruza kioo, kwa kuwa maji yaliyofungwa ndani ya talki yameondoka na madini yenyewe yamegeuka kuwa mengine.

9. Kata na usugue, ikiwa unawaza uchongaji. Kata mche mdogo kwa msumeno wa chuma huku ukimwagia maji. Jiwe zuri la kuchonga hukatika sawasawa, vumbi lake huwa uji laini, na kona hazimeguki. Kisha lisugue kwa msasa ndani ya beseni, kuanzia msasa mkali kwenda mwororo.

Ukitaka kuiona hatua hii ikifanywa na mabingwa, nenda Tabaka katika kaunti ya Kisii, ambako jiwe la Kisii huchimbwa na kuchongwa. Fundi huanza kwa panga, akilitoa umbo jiwe kama anayechonga mpini, halafu hushika kisu kidogo cha kuingilia ndani; kazi ya kusugua kwa msasa, mara nyingi iliyo mikononi mwa wanawake, hufanyika ndani ya maji, na unapolitazama beseni utaona maji yamekuwa meupe kama maziwa. Uji ule ungekuwa vumbi mapafuni mwa msuguaji lau jiwe lingesuguliwa kavu. Mwisho jiwe hukaushwa, hupakwa nta na kupigwa kitambaa hadi rangi yake ya waridi, maziwa au kijivu itoke. Mchongaji Elkana Ong'esa ametoka Tabaka hiyo hiyo, na kazi yake imefika hadi makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Onyo moja: kuwa jiwe linachongeka vizuri hakumaanishi kwamba linafaa kupikia. Majimbo kama Minas Gerais huko Brazili yana sufuria za jiwe la sabuni zinazowekwa motoni, lakini ni za jiwe lao linalojulikana tabia. Bakuli la urembo usiliinjike jikoni kwa sababu tu jina lake linafanana na lile.

10. Linganisha sifa ulizozipata na kazi za viwandani. Hapa fungua daftari lako, kwa maana kila kiwanda hununua sifa fulani.

Unga mweupe sana, usio na chembe ngumu, hutafutwa na viwanda vya vipodozi, dawa na karatasi. Hili ndilo daraja lenye masharti makali, na sharti la kukosa asbesto halina majadiliano. Mnamo Julai 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu, na talki yenye asbesto ilikwisha kuwekwa kwenye kundi la vinavyosababisha kwa hakika tangu 1987. Mnunuzi wa daraja hili hataangalia sampuli yako kabla ya kuona cheti cha maabara.

Umbo la magamba membamba lina soko lake. Katika plastiki ya polipropilini, inayotengenezewa bampa na dashibodi za magari, magamba ya talki huikaza plastiki isilegee kwa joto. Katika rangi za nyumba na za chuma, magamba hulala kama vigae vya paa, hupunguza mipasuko na huzuia maji yasipenye kwa urahisi. Hapa weupe kamili si lazima kila mara, lakini gamba lisiwe limesagwa hadi likapoteza umbo, na hapa ndipo msagaji asiye na uzoefu huiharibu mali nzuri.

Unga unaoteleza na usionata hutumika penye mpira. Fundi wa baiskeli anayepaka poda tyubu kabla ya kuiingiza ndani ya tairi anafanya kilekile kinachofanywa na viwanda vya mpira. Madaraja ya chini huenda kwenye dawa za unga za kilimo, kama kibebeo cha sumu, na kwenye mbolea ili isigandamane.

Talki yenye chuma kidogo na chokaa kidogo hupendwa na viwanda vya kauri. Ikichanganywa na udongo na kuchomwa kwenye nyuzi zinazokaribia 1,300, hutoa vihami vya umeme vilivyo vigumu na visivyopitisha umeme. Kwa mchanganyiko mwingine hutoa kauri inayostahimili kupashwa na kupozwa ghafla, ile inayobeba vichujio vya moshi katika ekzosi za magari.

Jiwe zima, lisilosagwa, lina thamani yake pale linapokuwa halinywi maji, halina nyufa, na linahifadhi joto. Huko Juuka nchini Finland, jiwe la sabuni lenye talki na magnesaiti hujengewa majiko makubwa ya kuotea moto. Moto huwashwa saa chache, na jiwe huendelea kutoa joto muda mrefu baada ya moto kuzimika. Meza za maabara zimejengwa kwa jiwe hili kwa sababu asidi nyingi haziliathiri. Sanamu ya Kristo iliyo juu ya mji wa Rio de Janeiro, iliyozinduliwa 1931, imevikwa vipande vidogo vya jiwe la sabuni, na sanamu maarufu za ndege za Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale nchini Zimbabwe, zilichongwa kwa jiwe la aina hii karne nyingi kabla. Kwa kiwango cha karakana, fundi wa kuchomelea huchora chuma kwa kijiti cha jiwe la sabuni kwa kuwa alama yake haiungui haraka mbele ya moto, na chaki bapa ya fundi cherehani mara nyingi ni talki.

11. Andaa sampuli na uiulize maabara maswali sahihi. Chukua kilo moja hadi mbili kutoka kila sehemu ya mwamba, ukitenganisha sehemu kwa sehemu, na uandike mahali, kina na tarehe. Kosa kubwa ni kuchagua mawe mazuri tu. Nililifanya mimi mwenyewe: majibu yalikuja ya kupendeza, na mzigo uliofuata ukakataliwa kwa sababu haukufanana na sampuli. Tanzania unaweza kuanzia Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma. Kenya, anzia kwa wanajiolojia wa wizara inayohusika na madini.

Omba utambuzi wa madini kwa miali ya eksirei, uchambuzi wa kemikali, kiwango cha weupe, na uchunguzi wa asbesto kwa hadubini. Majibu yakija, yaweke kando ya talki safi, ambayo ina silika asilimia 63.5, oksidi ya magnesi 31.7 na maji 4.8. Magnesi ikiwa haba huku oksidi ya alumini ikikaribia asilimia 28, una pairofilaiti, ndugu wa talki wa sura na wa kugusa, ambaye hakuna jaribio la nyumbani linaloweza kumtofautisha. Magnesi na alumini zikiwepo kwa pamoja, huenda kloraiti ni nyingi. Chokaa ikipanda, uliza kama inatokana na dolomaiti au tremolaiti, maana la kwanza ni suala la bei na la pili ni suala la afya.

12. Shughulikia leseni kabla ya kuchimba. Kumiliki shamba si kumiliki madini yaliyo chini yake. Tanzania, mchimbaji mdogo huomba leseni ya uchimbaji mdogo kwa Tume ya Madini. Kenya, mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Madini ya 2016. Kuokota vipande vya kupima ni jambo moja, na kupakia lori ni jingine.

Matatizo yanayojitokeza mara nyingi

*Jiwe linakwaruzika kwa ukucha mahali pamoja na kukataa pengine.* Hilo ni jiwe la sabuni lenye mchanganyiko, au lina mishipa ya madini magumu. Kwaruza sehemu kumi na uandike ni ngapi zilizokubali. Kwa kusaga linaweza kukataliwa. Kwa kuchonga linaweza kufaa ikiwa sehemu ngumu ziko mbalimbali.

*Unga ulizama kwenye maji japo majaribio mengine yote yalionyesha talki.* Glasi huenda ilikuwa na sabuni, au unga haukukauka, au ulinyunyiza bonge badala ya chembe. Badilisha glasi na urudie. Ukizama tena, shuku kaolini: lowesha unga mwingine kidogo uufinyange, na ukishikamana kama udongo wa mfinyanzi umepata jibu.

*Jibu la uzito linabadilika kila ninapopima.* Mara nyingi jiwe limegusa bakuli au uzi ni mnene. Tumia jiwe kubwa zaidi, lisilopungua gramu 200, kwa kuwa kosa la gramu moja huwa kubwa kwa jiwe dogo.

*Jiwe linameguka kwenye kona ninapokata.* Huenda unakata kufuata matabaka. Geuza jiwe ukate kuyapasua, punguza kasi na uongeze maji. Likiendelea kumeguka, liloweke usiku kucha na ugonge kwa kipini cha nyundo: jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya kuziba. Lenye ufa liweke kwenye fungu la kusagwa.

*Nta haishiki baada ya kusugua.* Jiwe halijakauka ndani. Lianike kivulini siku kadhaa, kisha ulipashe joto kidogo juani kabla ya kupaka nta nyembamba mara mbili.

*Mnunuzi amekuja na bei bila kutaka kuona majibu ya maabara.* Mpe nakala hata hivyo, mwandikiane daraja, kiasi na sehemu ya mwamba mzigo unakotoka, na ubaki na sampuli ya kila mzigo ikiwa imefungwa na kutiwa sahihi na nyote wawili, kwa maana ugomvi wa weupe wa unga huzuka lori likishafika kiwandani, na hapo sampuli hiyo ndiyo itakayowaamua.